Beryl Markham: Alifukuzwa shule, akabeba tandiko, akawa bosi wa mbio za farasi Kenya

Hebu fikiria hii. Umeshuka matatu ya kutoka Buruburu ama Umoja, unakatiza kwa miguu ukielekea Kariokor kutafuta nyama choma, na kibao cha barabara kinakuambia uko Race Course Road. Umepita hapo mara ngapi? Mia? Elfu? Na je, umewahi kuuliza hiyo mbio ilikuwa ya nani, na farasi wenyewe walienda wapi?

Kwa vijana wengi wa Eastlands, mnyama wa karibu zaidi na farasi ni punda wa mkokoteni wa maji kule Kayole ama Njiru. Farasi tunawaona kwa TV, wakiwa na polisi siku ya sherehe za taifa. Na Ngong Racecourse tunapajua kwa sababu ya matamasha, si kwa sababu ya mbio. Lakini kabla ya 1954, mbio za farasi za Nairobi hazikuwa Ngong Road. Zilikuwa huku kwetu, upande wa Kariokor na Eastleigh. Ile barabara haikupewa jina kwa mapambo.

Na kwenye uwanja huo, mwaka wa 1926, mwanamke wa miaka 23 aliyefukuzwa shule alileta farasi mwenye miguu mibovu akawachapa matajiri wote wa koloni. Anaitwa Beryl Markham. Huenda umesikia kwamba alikuwa rubani. Ni kweli, na tutafika huko. Lakini ndege ilikuwa miaka michache tu ya maisha yake. Kazi aliyoanza nayo, na kazi aliyokufa akiwa nayo karibu, ilikuwa farasi: kwanza kuwapanda, halafu kuwafunza, halafu kuongoza mazizi yaliyotoa mabingwa wa nchi nzima.

Keti vizuri. Hii stori ina mengi ya kujifunza, na mengine ya kukasirisha.

Mtoto wa Njoro

Beryl Clutterbuck alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902, Ashwell, Uingereza. Babake, Charles Clutterbuck, alikuwa mtu wa farasi. Beryl akiwa bado mtoto mdogo sana, familia ikahamia huku, wakati huo ikiitwa British East Africa, na babake akachukua shamba Njoro. Mamake hakuyaweza maisha hayo. Mwaka wa 1906 akarudi Uingereza, na kakake Beryl, ambaye alikuwa mgonjwa mgonjwa, naye akapelekwa huko. Beryl akaachwa na babake.

Sasa hapa ndipo mambo yanaanza kuwa tofauti. Babake alikuwa na kazi nyingi: kukata miti, kusaga unga, kufuga na kufunza farasi wa mbio. Hakuwa na muda wa kumlea mtoto kwa adabu za Kizungu. Kwa hivyo Beryl akalelewa na watu waliokuwa karibu, yaani familia za wafanyakazi wa shamba, wengi wao wa jamii ambazo leo tunaziita Wakalenjin. Alijifunza Kiswahili na lugha za pale. Alienda msituni na wanaume kuwinda, akiwa na mkuki, miguu mitupu. Rafiki yake wa utotoni alikuwa mvulana kwa jina Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa akaitwa arap Ruta. Shika hilo jina. Tutalirudia.

Akiwa bado msichana mdogo, simba aliyefugwa katika shamba la majirani alimrukia na kumjeruhi. Alipona. Ukimsoma, unaona hakuhesabu hiyo kama msiba. Alihesabu kama siku.

Kitu kilichomshika kabisa ni mazizi. Kila asubuhi kulikuwa na farasi wa kupelekwa mazoezini, na Beryl alikuwa miongoni mwa wale waliowapanda. Hawa si farasi wa kupigia picha. Ni farasi wa mbio, wanyama wazito, wenye hasira, wanaoweza kukuvunja shingo kwa sekunde moja. Alijifunza kusikiliza pumzi ya mnyama, kugusa mguu na kujua kama una joto lisilo la kawaida, kuona kwa masikio kama farasi amechoka ama anajifanya. Usiku mmoja alimsaidia farasi jike kuzaa, na babake akampa yule mtoto wa farasi awe wake. Akamwita Pegasus.

Halafu shule. Alipelekwa Nairobi kusoma, na baada ya muda usiozidi miaka mitatu akafukuzwa. Hakuwa mtu wa kuketi kimya kwa dawati. Akarudi Njoro, na huo ukawa mwisho wa masomo yake rasmi.

Najua unachofikiria, kwa sababu mimi mwenyewe niliacha chuo na nimeisikia hiyo hoja mara nyingi: kwamba fulani naye aliacha shule na akafaulu, kwa hivyo shule ni bure. Tulia kwanza. Beryl hakutoka shuleni akaenda kukaa kwa kibaraza. Alirudi kwa kazi aliyokuwa anaifanya tangu akiwa mtoto, chini ya mwalimu aliyekuwa mmoja wa wakufunzi hodari wa farasi nchini. Alikuwa na shule nyingine. Tofauti ni kwamba hii haikuwa na cheti, na ilianza alfajiri kila siku.

Mambo yanaharibika

Mwaka wa 1919, akiwa hata hajatimiza miaka 17, aliolewa na jirani, Jock Purves, mkulima aliyewahi kuchezea timu ya raga ya Scotland. Ndoa hiyo haikuwa na raha.

Wakati huohuo babake akafilisika. Alikuwa ameweka mkataba wa kuuza unga kwa bei iliyokubaliwa mapema. Mvua ikakataa, bei ya nafaka ikapanda, na mkataba ukabaki palepale. Kila gunia alilosaga lilikuwa hasara. Akalipa deni lake hadi shamba likaisha. Farasi wakauzwa. Mzee akaamua kwenda Peru, Amerika Kusini, kutafuta kazi ya kufunza farasi.

Kwa hivyo piga picha: una miaka kama 18, nyumbani kumeuzwa, mzazi pekee uliyemjua anavuka bahari, ndoa yako haina maana, na huna cheti chochote. Unafanya nini?

Beryl alifanya alichojua. Alimpandisha Pegasus tandiko, akafunga mifuko miwili yenye vitu vyake vyote, akapanda kuelekea Molo kuanza kufunza farasi wa watu wengine. Aliomba leseni ya ukufunzi kutoka kwa wasimamizi wa mbio na akaipata, akiwa na umri wa takriban miaka 18. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata nchini.

Ili uelewe uzito wa jambo hilo: Uingereza kwenyewe, nchi iliyojiona mama wa mbio za farasi, wanawake hawakuruhusiwa kuwa na leseni hiyo hadi mwaka wa 1966. Huko mwanamke angeweza kufanya kazi yote ya mazizi, lakini karatasi inaandikwa jina la mwanamume, mara nyingi msaidizi wake mwenyewe. Huku Kenya, Beryl alikuwa na jina lake kwenye karatasi zaidi ya miaka 40 kabla.

Kazi ya mkufunzi ni gani hasa?

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu watu hudhani mbio ya farasi ni ya yule aliye juu. Yule mpandaji mwenye nguo za rangi ndiye anaonekana, kama mshambuliaji kwa mpira. Lakini mkufunzi ndiye kocha, daktari msaidizi, mpishi na meneja, vyote kwa pamoja. Anaamua farasi ale nini na kiasi gani. Anaamua akimbie umbali gani leo na apumzike lini. Anachagua mbio ya kuingia na ya kuacha. Anaajiri masaisi, wale wanaolala karibu na farasi, wanaomsugua, kumlisha na kumwosha. Anaongea na wenye farasi, watu wenye pesa na haraka nyingi, anawaambia wasubiri. Na siku ya mbio anakaa kando, mikono mitupu, akiangalia kazi ya miezi ikiisha kwa dakika chache.

Huo ndio uongozi wa michezo ambao hauna ofisi wala gari la serikali. Huwezi kudanganya. Farasi hasomi CV yako.

Sasa rudi 1926. Mbio kubwa ya msimu ilikuwa St Leger. Beryl alikuwa na farasi dume kwa jina Wrack, aliyemwandaa kwa muda mrefu na ambaye kila mtu alijua atashinda. Wiki 12 kabla ya mbio, mwenye farasi akapata wasiwasi. Watu walikuwa wamemwambia kwamba msichana mdogo vile hawezi kuaminiwa na mbio kubwa kama hiyo. Akamwondoa Wrack, akampeleka kwa mkufunzi mwingine.

Yaani unapika chakula, unakaribia kuepua, mtu anakuja anabeba sufuria.

Beryl akabaki na nafasi moja: farasi jike kwa jina Wise Child, mwenye damu nzuri na roho nzuri lakini miguu iliyoharibika. Mtu mwingine alikuwa amemkimbiza sana mapema, na kano za miguu zilikuwa karibu kukatika. Farasi wa aina hiyo ukimfunza sana anavunjika, ukimfunza kidogo hawezi kumaliza mbio ndefu. Kwa wiki hizo 12, Beryl na arap Ruta walifanya kazi ya kupima kwa mizani ya dhahabu: kusugua miguu, kufunga bandeji, kumkimbiza kidogo, kumpumzisha, kumwangalia tena. Kila siku wakiuliza swali moja tu: leo miguu inasemaje?

Siku ya mbio, Nairobi yote yenye pesa ikamiminika uwanjani. Mpandaji wa Wise Child alikuwa Sonny Bumpus. Wrack naye yuko pale, akiwa na mkufunzi mpya, akipewa nafasi kubwa. Na Wise Child, kwa miguu ileile, akashinda.

Hiyo ilitokea upande wetu wa mji. Ukipita Race Course Road leo, jua hivyo.

Lakini nani alikuwa ndani ya uwanja?

Sasa tuongee ukweli wote, kwa sababu sisi ni watoto wa Eastlands na tunajua kuna stori husimuliwa nusu.

Mwaka huo wa 1926, karibu tu na uwanja ule kulikuwa na Pumwani, mtaa uliotengwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika. Kariokor yenyewe jina lake linatokana na Carrier Corps, wale wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi katika Vita Vikuu vya Kwanza, na maelfu wakafa kwa magonjwa na njaa. Mwanamume Mwafrika alipaswa kutembea na kipande, karatasi ya kazi iliyowekwa ndani ya kibati kinachoning'inizwa shingoni. Bila hicho, unakamatwa. Kwa hivyo jukwaani kulikuwa na kofia na shampeni, na nje ya ua kulikuwa na babu zetu na vibati shingoni.

Na ndani ya mazizi kulikuwa na arap Ruta. Angalia jambo hili vizuri. Beryl na Ruta walikua pamoja. Waliwinda pamoja, wakajifunza farasi katika mazizi yaleyale, kutoka kwa mzee yuleyule. Wakati Beryl alipoanza maisha peke yake, Ruta alimfuata na kufanya kazi naye miaka mingi. Beryl mwenyewe, katika kitabu chake, anamsifu sana na kumhesabu rafiki. Lakini mmoja alipata leseni, jina gazetini na mshahara wa mkufunzi. Mwingine alibaki mtumishi. Utotoni walikuwa sawa. Ukubwani, Ruta akaanza kutembea nyuma yake badala ya kando yake, na hata Beryl mwenyewe aliliona jambo hilo na kuliandika.

Hii haimaanishi Beryl hakufanya kazi. Alifanya, na kama mwanamke alipigana na milango yake. Lakini kulikuwa na milango mingine ambayo ngozi yake iliifungua kabla hata hajabisha. Mambo haya mawili yote ni kweli kwa wakati mmoja, na ukisimulia moja tu unadanganya.

Akapanda juu zaidi

Mwaka wa 1927 aliolewa tena, na Mansfield Markham, tajiri wa Uingereza, na hapo ndipo likatoka jina tunalomjua nalo. Mwaka wa 1929 alizaa mtoto wa kiume, Gervase, huko London. Kipindi hicho pia alikuwa na uhusiano na Prince Henry, mwana wa mfalme wa Uingereza, na jambo hilo likazua kashfa kubwa. Ndoa ikavunjika. Mtoto akalelewa Uingereza na bibi yake mzaa baba, na Beryl akarudi Kenya. Hakuwa mama wa karibu, na sina haja ya kumpamba kwa hilo.

Halafu ikaja ndege. Rubani Tom Campbell Black alimfundisha, na mwaka wa 1931 akapata leseni yake ya kwanza. Miaka miwili baadaye alikuwa na leseni ya biashara. Alisafirisha barua, abiria na wagonjwa, na alilipwa na wawindaji wa kizungu kutafuta makundi ya ndovu kutoka angani ili wakawapige risasi. Leo kazi hiyo ingempeleka mahakamani.

Tarehe 4 Septemba 1936 alipaa kutoka Abingdon, Uingereza, peke yake, kwa ndege aina ya Vega Gull, akielekea magharibi. Kwa nini hiyo ni ngumu? Kwa sababu kutoka Ulaya kwenda Amerika upepo unakupiga usoni. Unatumia mafuta mengi na unakaa hewani muda mrefu zaidi. Usiku mzima, mvua na giza, bila redio. Baada ya takriban saa 21, mafuta yakiwa hayafiki injini vizuri, akatua kwa nguvu kwenye kinamasi huko Cape Breton, Kanada. Pua ya ndege ikazama topeni, yeye akatoka na damu usoni. Hakufika New York kama alivyopanga, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi bila kutua njiani. New York ikampokea kwa msafara wa magari.

Mwezi huohuo, kabla hata sherehe hazijaisha, Tom Campbell Black akafa katika ajali ya ndege uwanjani huko Liverpool.

Beryl akaishi Marekani miaka kadhaa. Mwaka wa 1942 akatoa kitabu, West with the Night, kuhusu maisha yake Afrika. Kilisifiwa, lakini dunia ilikuwa vitani na watu walikuwa na mambo mengine. Kikasahaulika. Kuna wanaosema mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, aliyekuwa mwandishi, ndiye aliyeandika sehemu kubwa. Wengine wanabisha vikali. Ubishi huo haujaisha hadi leo. Ndoa hiyo nayo ikavunjika, pesa zikaisha.

Kurudi kwa kile unachojua

Sasa hapa ndipo mimi huvutiwa zaidi. Si ndege. Ni hii sehemu ambayo filamu nyingi zingeruka.

Karibu mwaka wa 1950, Beryl anarudi Kenya. Ana umri wa karibu miaka 48, hana pesa, na umaarufu umekwisha. Nchi pia si ileile. Mwaka wa 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Tarehe 24 Aprili 1954, jeshi la Waingereza likazunguka Nairobi katika Operation Anvil, na mitaa ya Eastlands ikafagiliwa nyumba kwa nyumba. Maelfu ya watu wakapakiwa kwenye malori kupelekwa kambini. Muulize nyanya yako kama bado yuko. Mwaka huohuo wa 1954, mbio za farasi zikahama kutoka huku kwetu kwenda Ngong Road. Mwaka mmoja, mji mmoja: wengine wanahamishwa kwa bunduki, wengine wanahamia uwanja mpya wenye nyasi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa amepita miaka 55, Beryl akaanza upya kama mkufunzi. Fikiria hilo. Mtu aliyepokelewa na umati New York anarudi kuamka kabla ya jua, kukagua miguu ya farasi kwa tochi, kugombana na bei ya chakula cha mifugo. Wapo waliodhani wakati wake umepita.

Matokeo? Alishinda Kenya Derby mara 6. Alikuwa mkufunzi bora wa nchi mara 5. Miaka ya 1960, uhuru ulipokuja na walowezi wengi wakafunga virago, mazizi yake ndiyo yalikuwa ya kuogopwa. Waliomjua walisema alikuwa mkali, hana subira na watu, madeni hayamwishi, lakini akiingia kwa farasi anabadilika kuwa mtu mwingine. Mkono wake unatulia.

Katikati ya miaka ya 1960 alijaribu bahati Afrika Kusini. Mambo hayakwenda. Karibu mwaka wa 1970 akarudi tena Kenya, akaendelea kufunza farasi, lakini safari hii umri na mfuko vilikuwa vimempiga. Wasimamizi wa mbio wakampa nyumba ndogo ndani ya Ngong Racecourse. Hapo ndipo aliishi miaka yake ya mwisho, karibu na sauti ya kwato. Wezi walimvamia na kumpiga akiwa ajuza.

Halafu, kama mzaha wa Mungu, mtu mmoja huko California akasoma barua ya zamani ya Ernest Hemingway iliyosifu kitabu cha Beryl kupita kiasi. Akakitafuta, akakisoma, akahangaika hadi kikachapishwa tena mwaka wa 1983. Kikauzika sana. Ajuza wa miaka 80, aliyesahaulika kando ya uwanja wa farasi, akawa maarufu tena na pesa kidogo zikaingia. Alikufa Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, mwezi mmoja tu kabla ya safari yake ya Atlantiki kutimiza miaka 50.

Sasa wewe na mimi

Unaweza kuuliza, haya yananihusu nini, mimi niko Dandora natafuta kazi ya mjengo?

Nitakuambia ninachokiona. Mtaani tuna wapandaji wengi na wakufunzi wachache. Kila mtu anataka kuonekana juu ya farasi. Tuna vijana wanaopiga ngumi Pal Pal kule Pumwani, wanaocheza mpira Camp Toyoyo kule Jericho, wanaokimbia, wanaodensi. Mchezo unaisha ukiwa na miaka 30, wakati mwingine goti linaisha ukiwa na 22. Halafu? Wengi hupotea, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kuna maisha upande wa pili wa uwanja: kufunza, kutibu, kupanga ligi, kuwa refa, kusimamia timu. Beryl aliipenda kazi ya kando ya uwanja, ile isiyopigiwa makofi, na ndiyo iliyomwokoa kila alipoanguka. Ndege ilimpa jina. Farasi walimpa chakula.

Jambo la pili ni arap Ruta. Katika kila timu mtaani yupo Ruta: yule anayebeba mipira, anayefua jezi, anayejua goti la nani linauma kabla daktari hajafika. Ana ujuzi kama wa kocha, lakini hana karatasi, na hakuna anayemwandikia barua ya kumpendekeza. Wakati wa Beryl, sheria na rangi ndizo zilizomweka Ruta nyuma. Leo hakuna kipande shingoni, lakini kuna ada ya kozi ya ukocha, kuna kujuana, kuna fomu inayotaka cheti ambacho hukuwa na uwezo wa kukilipia. Kama wewe ndiwe mwenye timu, mwenye jimu, mwenye kaukumbi ka mazoezi, angalia nyuma yako uone ni nani anatembea hapo. Mpeleke kozi. Andika jina lake kwenye karatasi.

Na kama wewe ndiwe Ruta, endelea kujua kazi yako hadi wasiweze kukupita bila kukusalimia. Kisha udai leseni. Beryl alikuwa na miaka 18 na mifuko miwili alipodai yake.

Uwanja wenyewe ulishajengwa juu, hakuna unyasi hata mmoja uliobaki. Lakini kibao bado kiko pale. Siku nyingine ukishuka Kariokor, kisome.